Kabla Hujamvisha Mzee Miwani

Swali hili huja kwa sura moja kila mara. Baba alipata kiharusi, akalazwa, akarudi nyumbani mkono wa kulia umelegea na mguu unaburura. Familia imechanga nauli na ada ya mazoezi kwa wiki kadhaa. Kisha binamu aliye ng'ambo anatuma video: mgonjwa wa huko amevaa miwani nene kama ya wapiga mbizi, anachuma hewani matunda ambayo hakuna mwingine chumbani anayeyaona, na mkono wake mbovu unainuka. Chini ya video binamu ameandika, "Mbona mzee hafanyiwi hivi?" Jioni hiyo hiyo kundi la familia kwenye WhatsApp limeshaanza kuulizana bei.

Nawaandikia watu hao, hasa wa Kariokor, Ziwani, Pumwani na Starehe jijini Nairobi, ambako mgonjwa huuguziwa katika chumba ambacho wengine pia wanalala, wanapika na kufanya homuwaki. Msimamo wangu nausema mapema. Miwani hiyo ni mbinu ya kumfanya mgonjwa arudie mwendo ule ule mara nyingi bila kukinai. Ikiongeza marudio, ina thamani. Isipoongeza, ni sinema, na sinema ya bei kali.

Tuangalie kifaa chenyewe haraka. Ndani ya miwani mna skrini mbele ya macho na vihisi vinavyofuata kichwa na mikono. Ukigeuka, picha inageuka nawe; ukinyosha mkono, mkono wa kuchorwa unanyoka mbele yako. Hii ndiyo teknolojia ya uhalisia pepe, na si ya jana: Ivan Sutherland alionyesha kifaa cha kuvaa kichwani huko Marekani mwaka 1968, kizito kiasi cha kuning'inizwa kutoka darini. Kilichoifikisha kwa mafizio, yaani wataalamu wa tiba ya viungo, ni michezo ya watoto. Nintendo ilipotoa mashine ya michezo iitwayo Wii mwaka 2006, na Microsoft kamera yake ya Kinect mwaka 2010, wahudumu wa viungo waligundua kwamba mgonjwa aliyekataa kuinua mkono mara kumi kwa amri ataurusha mara hamsini akicheza tenisi ya kwenye televisheni. Miwani ikafuata. Quest 3S ya kampuni ya Meta iliingia sokoni Oktoba 2024 kwa dola 299, yaani karibu shilingi 39,000 kabla ya usafiri na ushuru. Mifumo iliyotengenezwa mahsusi kwa hospitali hugharimu zaidi, na programu zake mara nyingi hulipiwa upya kila mwaka.

Sekta yetu ya afya si ngeni kabisa kwa vifaa hivi. Huko Busia, wauguzi na wakunga walishiriki jaribio moja na wenzao wa Lagos, Nigeria, wakijifunza kwa simu na miwani ya bei nafuu namna ya kumsaidia mtoto mchanga aliyeshindwa kupumua. Utaona kwamba aliyevaa miwani pale alikuwa mhudumu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia yenye faida ya haraka kwetu hata katika fizio: mwanafunzi wa chuo cha tiba cha KMTC ajifunze kwa miwani jinsi ya kumwinua mgonjwa aliyepooza bila kumng'oa bega, kabla hajamgusa wa kweli. Lakini wewe umeniuliza kuhusu mzee wako, kwa hiyo turudi kwake.

Ubongo uliojeruhiwa na kiharusi haufufui sehemu iliyokufa. Hujifunza upya kwa kutumia sehemu iliyobaki, na hujifunza kwa kurudia. Mwaka 2009 Catherine Lang na wenzake huko Marekani walichapisha hesabu rahisi na ya kushtua. Walifuatilia vikao 312 vya mazoezi ya wagonjwa wa kiharusi, wakihesabu kila mwendo. Katika vikao ambapo mkono dhaifu ulifanyishwa kazi ya maana, kama kushika au kufikia kitu, wastani ulikuwa marudio 32. Thelathini na mawili, katika nchi yenye hospitali zenye kila kitu. Katika majaribio ya wanyama, ubongo ulianza kujipanga upya kwa marudio ya mamia kila siku, 400 na kwenda juu. Pengo hilo ndilo miwani inajaribu kuliziba. Matunda ya hewani, puto za kupasua, samaki wa kudaka: vyote ni hila ya kuyafikia mamia hayo.

Je, hila inafaulu? Mwaka 2016 jarida la The Lancet Neurology lilichapisha jaribio la EVREST lililoongozwa na Gustavo Saposnik wa Toronto. Wagonjwa 141 waliopata kiharusi karibuni, katika Kanada, Ajentina, Peru na Thailand, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilicheza Wii. Jingine lilipewa michezo ya kawaida: karata, domino, kupanga vijiti vya Jenga. Kila kundi lilikuwa na vikao kumi vya saa nzima ndani ya wiki mbili, juu ya mazoezi yao ya kawaida. Wote walipata nafuu. Wii haikuishinda karata.

Haki itendeke: Wii huchezwa mbele ya televisheni, haimfuniki mtu macho yote kama miwani ya leo. Ila mwaka uliofuata jopo la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya majaribio na kuyapima pamoja, lilitoa jumla ya tafiti 72 zenye washiriki 2,470, na jibu lake lilielekea huko huko. Kwa uwezo wa kutumia mkono, uhalisia pepe haukuwa bora kuliko mazoezi ya kawaida ya muda ule ule. Ulisaidia ulipoongezwa juu ya mazoezi hayo, muda wote wa kufanya kazi ukawa mrefu zaidi.

Sasa yapime matokeo hayo ukiwa Kariokor. Wazee wanaocheza drafti kwa visoda kando ya barabara, kelele na kejeli juu, wanafanya karibu kile kile ambacho madaktari wa Toronto walilipatia kundi la pili: kufikia, kushika, kuinua, kuweka, tena na tena, na sababu ya kurudi kesho kulipiza kisasi. Mzee wako akiwa na nguvu za kushika kisoda hata kwa taabu, mpeleke kwenye drafti. Sharti ni moja: asogeze kete kwa mkono mbovu. Wenzake wataudhika mchezo ukichelewa, kwa hiyo zungumza nao kwanza, na uwanunulie chai.

Nyumbani, weka mabakuli mawili mezani na visoda mia. Vihamishwe vyote kutoka bakuli moja hadi jingine, kisha virudishwe. Safari hizo mbili ni marudio 200. Akianza hawezi zaidi ya ishirini, andika ishirini. Daftari ni la lazima, maana familia nyingi huamini mgonjwa "anafanya mazoezi kila siku" hadi zinapoandika. Fizio mzuri akiona daftari lenye tarehe na idadi hubadilisha mpango papo hapo: atasogeza bakuli mbali, ataliinua kwenye kigoda, ataleta visoda vidogo au kijiko. Mchezo wa kwenye miwani ukipanda ngazi hufanya jambo hilo hilo.

Mkono ukiwa haushiki chochote, kuna kioo. Katika miaka ya 1990 Vilayanur Ramachandran alianza kutumia kioo kwa watu waliokatwa mkono ambao bado walisikia maumivu ya mkono usiokuwepo. Baadaye mbinu hiyo ikahamia kwa waliopooza, na imefanyiwa majaribio mengi yenye matokeo ya kutia moyo. Ni uhalisia pepe usiohitaji chaji. Fundi wa vioo akukatie kimoja cha upana wa sentimita 40 na urefu wa 50 hivi, ufunike kingo zake kwa utepe mgumu ili kisimkate mtu. Kisimamishe mezani katikati ya kifua, uso wake ukielekea mkono mzima. Mkono mbovu ukae nyuma yake, usionekane. Vua pete na saa ili mkono wa kwenye kioo ufanane na uliofichwa. Kisha mzee autazame mkono wa kwenye kioo huku akifungua na kufunga kiganja polepole, na ajaribu kufanya hivyo hivyo kwa ule uliofichwa, hata kama hautikisiki. Dakika 15 asubuhi, nyingine jioni, redio na televisheni zimezimwa. Akipata kizunguzungu au akilia, acha. Wengine huguswa sana kuuona mkono "umerudi". Mwambie fizio kabla ya kuanza, akuonyeshe mara moja.

Nimekaa kwenye kioo na visoda kwa makusudi. Mtu ambaye hajatumia hivi viwili kwa mwezi mzima hana sababu ya kukopa ili anunue miwani.

Kuna jambo jingine ambalo matangazo huliruka. Ustadi wa ndani ya miwani hauhamii nje wenyewe. Anayechuma embe la hewani hasikii uzito wake wala utelezi wa ganda. Ndiyo maana mafizio makini, wakimaliza dakika kumi za miwani, humketisha mgonjwa na kikombe, ufunguo, kifungo cha shati, akarudie mwendo ule ule kwenye kitu cha kweli. Kama aliyeugua ni mama aliyekuwa akisuka vyondo sokoni Kariokor, hakuna mchezo wa kompyuta utakaoshinda uzi wa katani mikononi mwake. Unahitaji vidole vyote, unahitaji macho, kosa lake linaonekana hapo hapo, na mwisho wake kuna kitu cha kuuza. Mwanzoni atasuka vibaya. Asuke vibaya. Fundi wa ngozi au wa viatu vya akala naye arudishiwe nyundo nyepesi na vipande vya mabaki mapema kadiri fizio atakavyoruhusu, kisu kisubiri.

Pale miwani ingenivutia kweli ni kwenye matatu. Lengo la wagonjwa wengi wa Eastlands ni kupanda gari, kukaa na kushuka kabla dereva hajaondoa: ngazi ya juu, makanga anayepiga bodi, watu wanaosukuma kwa nyuma. Zoezi hilo huwezi kulifanyia stejini pa kweli na mtu ambaye bado anayumba. Ndani ya chumba salama, mgonjwa akiwa ameshikwa, angeweza kuonyeshwa fujo hiyo kidogo kidogo hadi woga uishe, na vijana wa Nairobi wanaotengeneza michezo ya kompyuta wangefanya biashara nzuri wakikaa na fizio mmoja kuitengeneza. Programu nyingi za sasa zimejaa theluji na bustani za Ulaya. Hazidhuru, ila hazimfundishi mtu kushuka kwenye matatu.

Mgongo ni habari tofauti. Kariokor ilianza kama kambi ya wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, na mpaka leo watu wa pande hizi wanakula kwa mgongo: wasukuma mikokoteni, wapakuaji wa marobota ya mitumba Gikomba, mama mboga anayeinama tangu alfajiri. Novemba 2021 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, FDA, iliidhinisha miwani iitwayo EaseVRx, ambayo baadaye ilibadilishwa jina ikawa RelieVRx, kwa watu wazima wenye maumivu sugu ya kiuno. Ni programu ya wiki nane, kila siku kikao cha kati ya dakika 2 na 16. Si ya kunyanyua vitu. Humfundisha mtu kupumua polepole, kuelewa maumivu yanavyofanya kazi, na kuyaondolea maumivu usukani. Katika jaribio la watu 179, waliopungukiwa na maumivu kwa zaidi ya asilimia 30 walikuwa asilimia 66. Katika kundi lililovaa miwani iliyoonyesha video za kawaida, walikuwa asilimia 41.

Angalia hiyo 41. Watu wanne kati ya kumi walipata nafuu ya maana kwa kukaa kimya kila siku na kutazama kitu cha kutuliza. Maumivu ya muda mrefu hulishwa na hofu, na hofu hukaza misuli. Mtu aliyeambiwa "diski imetoka" huacha kuinama kabisa, na mgongo usioinama hudhoofika. Basi jambo la kwanza kumwomba fizio wako ni maelezo yanayoeleweka: nini kimeumia, mwendo gani ni salama hata kama unauma. Kutembea kila siku na kupumua kwa utulivu kabla ya kulala havina ada. Na tusidanganyane, hakuna programu itakayopunguza robota hata kwa kilo moja. Fizio ambaye hajamuuliza msukuma mkokoteni anabebaje, anabeba mara ngapi, na kama anaweza kubadilishana zamu na mwenzake kwa wiki mbili, hajamtibu bado.

Ukiwa na maumivu ya mgongo pamoja na kushindwa kuzuia mkojo au choo, ganzi katikati ya mapaja, mguu unaozidi kuishiwa nguvu, au umeanguka kutoka kwenye nduthi, nenda hospitali leo, fizio atasubiri. Homa, jasho la usiku na kukonda pia ni hospitali. Kifua kikuu huingia kwenye uti wa mgongo, na huku kwetu si nadra.

Penye majeraha ya moto ndipo ningesimama mbele ya mganga mkuu nikimsihi anunue miwani. Kuanzia miaka ya 1990 Hunter Hoffman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walitengeneza mchezo uitwao SnowWorld kwa wagonjwa wanaosafishwa vidonda vya moto: unaelea katika bonde la barafu ukirusha mipira ya theluji. Wagonjwa waliripoti maumivu madogo zaidi wakiwa ndani yake, kwa sababu maumivu yanahitaji kusikilizwa na mchezo unayanyima nafasi. Aliyewahi kumshika mtoto aliyemwagikiwa na uji au maji ya jiko, fizio akimnyosha kiwiko ili ngozi isikauke imekunjamana, anajua kwa nini wazazi huacha kurudi kliniki. Wakiacha, kiwiko hufungana. Kwa watoto wadogo sana uamuzi ni wa daktari. Meta yenyewe hairuhusu walio chini ya miaka 10 kutumia vifaa vyake. Bila miwani, omba dawa ya maumivu itolewe mapema kabla ya kikao, kisha mshikie mtoto simu yenye katuni anayoipenda, na uifungue wakati wa kunyosha tu ili isimchoshe.

Tuseme sasa kliniki unayokwenda inayo miwani na wamependekeza mzee aijaribu. Kabla hajavaa, taja mambo haya hata kama hujaulizwa: kama amewahi kupata kifafa au degedege, kama ana kifaa cha moyo kifuani, kama ameumia kichwa karibuni, kama shingo yake ni mbovu, kama hapo alipo tu kichwa humzunguka. Miwani mingi ina uzito wa karibu nusu kilo, na uzito huo wote unaning'inia mbele ya uso. Picha zinazomemetameta zinaweza kuamsha kifafa hata kwa asiyejijua. Meta huonya kwamba hutokea kwa mtu mmoja hivi kati ya 4,000. Waliopata kiharusi wengine hawaoni upande mmoja, au ubongo umeusahau upande huo, na jamaa hudhani ni ukaidi. Fizio anapaswa kulipima hilo kwanza, maana mchezo wenye nusu iliyopotea humkatisha tamaa mtu asijue sababu.

Kikao cha kwanza kiwe dakika tano, ameketi kwenye kiti chenye mikono, miguu imekanyaga sakafu. Kiti cha plastiki juu ya vigae vilivyopigwa deki kinateleza. Mtu asimame upande wa udhaifu wakati wote. Aelezwe kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani kwake, kila atakachokiona kabla ya kufunikwa macho. Mzee akishtuka ghafla hunyakua miwani kwa mkono mmoja na kuinuka kwa mguu asio nao. Kichefuchefu, jasho la baridi, mate kujaa mdomoni: vua, asilazimishwe kuzoea. Miwani ipanguswe kwa kitambaa chenye dawa baada ya kila mgonjwa, na lenzi kwa kitambaa kikavu laini. Macho mekundu husafiri haraka. Mama mwenye ushungi ana haki ya chumba cha faragha na kofia nyepesi ya kutupwa. Mwenye rasta au wigi aje amezifunga chini, mkanda ukae.

Nyumbani mambo ni magumu zaidi. Michezo ya kusimama na kutembea hudai nafasi wazi ya takriban mita mbili kwa mbili, na chumba chenye kitanda, meza, meko na mtungi wa gesi hakina. Tumia ya kuketi peke yake. Chaji hudumu saa mbili hivi, stima hupotea, na programu nyingi hula bando. Usiiache dirishani: jua likipita kwenye lenzi huichoma skrini. Ya mtumba ikague lenzi na vihisi kabla ya kulipa, na umwulize muuzaji kama imefutwa akaunti ya mwenye awali.

Kazi ya fizio mwenyewe inabadilikaje? Zamani, na bado katika hospitali nyingi za umma, mikono yake ndiyo mashine: anashika, anavuta, anahesabu kwa sauti. Kompyuta ikichukua kuhesabu na kushangilia, yeye hubaki na kazi ngumu zaidi. Anachagua mwendo gani utafutwe, anaona pale mgonjwa anapoinua bega na kiuno badala ya mkono ili aipate alama, anaamua lini kuongeza na lini kuacha. Mashine hutoa pointi hata kwa mwendo wa udanganyifu. Kijana anayesomea fizio leo asiogope kunyang'anywa kazi na miwani. Aogope kuwa mtu wa kuivalisha tu. Ajifunze kusoma namba inazotoa, nyuzi za kiwiko, kasi, idadi, na kuzilinganisha na alichokiona kwa macho. Ajifunze pia kumwambia mwajiri hapana.

Nalisema hili kwa sababu kishawishi kipo. Mwenye kliniki akinunua miwani minne anaweza kuwaketisha wagonjwa wanne kwa wakati mmoja, msaidizi mmoja mlangoni na simu yake, kila mgonjwa analipa ada kamili. Ukimkuta mzee wako amevalishwa na kuachwa, ondoka naye. Ulilipia macho ya mtaalamu. Kwa sheria ya mwaka 2014, anayefanya kazi hii Kenya lazima asajiliwe na Baraza la Fiziotherapia, na kuomba kuona leseni ya mwaka huu si utovu wa adabu. Uliza pia rekodi zinakwenda wapi. Miwani hunasa mienendo ya mwili, sauti, wakati mwingine picha ya chumba, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kujua ni nani anayezitunza na ya kukataa zisitumike kwa matangazo. Mgonjwa asiyeweza kuzungumza vizuri baada ya kiharusi bado ana haki hiyo.

Kuhusu malipo, uliza kabla ya kikao: gharama ya miwani imo ndani ya ada ya fizio au ni nyongeza? Bima ya afya ya SHA itagharimia kipi, na kipi ni mfuko wako? Jibu liandikwe.

Halafu wekeaneni muda. Siku ya kwanza fizio apime na aandike: mkono unainuka hadi wapi, visoda vingapi kwa dakika moja, sekunde ngapi kuinuka kitini na kutembea mita tatu na kurudi. Mkubaliane wiki nne, na miwani isipunguze hata dakika moja ya mazoezi ya mikono. Wiki ya nne mpime vilevile, kwa kiti kile kile na saa ile ile ya siku. Namba zikisonga na mzee akiwa bado ana hamu ya kwenda, endeleeni. Zikigoma, fedha za miwani ziende kwenye nauli ya kikao cha ziada kwa wiki, au zimlipe fizio aje nyumbani mara moja awaonyeshe nyote, hadi mjukuu wa darasa la sita, jinsi ya kumshika mzee chini ya kwapa na kiunoni badala ya kumvuta kwa mkono uliopooza.